Jinsi Pablo Casals alivyojifunza selo

Pablo Casals, mpiga selo (fidla kubwa) aliyebadili namna chombo hicho kinavyopigwa, alizaliwa tarehe 29 Desemba 1876 huko Vendrell, mji mdogo wa Catalonia, Hispania. Baba yake, Carles, mpiga kinanda wa kanisani, alimfundisha kuimba, piano na fidla. Selo ilikuwa bado. Kilichoikaribia ni chombo alichoundiwa na baba yake kwa kibuyu kikavu na uzi mmoja, ndugu wa zeze kabisa, baada ya mtoto kuona wanamuziki wa kutangatanga wakipiga kitu cha namna hiyo.

Selo halisi aliikuta akiwa na miaka 11, mpiga selo Josep García alipokuja Vendrell kupiga na wenzake. Tangu hapo hakutaka kingine. Baba alikwisha kupanga kumtia kwenye useremala, kwa kuwa muziki aliujua usivyolipa. Mama, Pilar Defilló, akakataa katakata, na mwaka 1888 akampeleka Barcelona, Shule ya Muziki ya Manispaa, kwa García yuleyule.

Wakati huo wanafunzi wa selo walizoezwa kubana kiwiko cha mkono wa kulia ubavuni. Wengine walibanishwa hata kitabu kwapani. Mkono wa kushoto nao ulihama juu na chini kwenye shingo ya chombo kila baada ya noti chache. Casals aliuachia mkono wa uta ujongee utakavyo, na kwa noti ya mbali akatanua vidole badala ya kuhamisha kiganja kizima. Matokeo yanasikika wazi: kiganja kikihama, sauti huteleza na wimbo hukatikakatika; vidole vikitanuka, wimbo hutiririka. García alishangaa, lakini hakumzuia, na huenda huo ndio ulikuwa ualimu wake bora.

Nusu ya pili ya elimu hiyo ilipatikana kazini. Kijana alipiga kila jioni katika mkahawa wa Café Tost ili apate fedha, na kwa kuwa alihitaji nyimbo mpya za kupiga, mwaka 1890 aliingia na baba yake katika duka la nota kuukuu. Humo akaziona sviti (mikusanyiko ya vipande) sita za mtunzi Bach za selo peke yake, ambazo wapigaji wengi walizichukulia kama mazoezi ya vidole tu. Alizifanyia kazi takriban miaka 12 kabla ya kuthubutu kupiga sviti nzima hadharani.

Mkahawani hapohapo alisikiwa na mtunzi Isaac Albéniz, aliyemwandikia barua ya utambulisho kwa kabaila Morphy, katibu wa Malkia María Cristina. Hivyo akafika Madrid akiwa na posho ya ikulu. Morphy hakuridhika na muziki pekee: alimtuma pia kwenye makumbusho ya Prado na vikao vya bunge.

Mwaka 1895 alipelekwa Brussels. Profesa wa selo wa chuo cha muziki cha huko alimdhihaki mbele ya darasa. Casals akapiga, darasa likanyamaza, naye akakataa nafasi aliyopewa na kuondoka kwenda Paris. Posho ikakatwa. Mama akashona nguo ili wale, mwana akaugua, wakarudi Barcelona. Mwaka 1896 García aliihama nchi, na Casals, mwenye miaka 19, akapewa nafasi yake shuleni. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1899, alipiga konseto ya selo ya mtunzi Lalo jijini Paris pamoja na okestra ya Charles Lamoureux, na kuanzia hapo mialiko haikukoma.