Somo la Leo: Kompyuta ya Gari

Leo twasoma habari za kompyuta ya gari, ambayo mafundi huiita kontrolo boksi. Hupokea habari za injini, kisha huamuru petroli iingie kiasi gani na cheche ya moto iruke wakati gani.

Tuseme pikapu yenu ya kahawa imezimika kati ya Omurushaka na Nkwenda. Fundi asema, "Boksi limekufa, nunueni jingine." Ngojeni kwanza! Fungueni swichi bila kuwasha injini. Je, taa ya injini inawaka? Kama haiwaki, na globu yake ni nzima, huenda umeme haufiki kwenye boksi. Pimeni betri, iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi. Tazameni fyuzi. Kisha tazameni waya uliofungwa kwenye bodi ya gari. Kutu hapo, au maji ya mvua katika soketi, hufanya boksi zima lionekane bovu.

Mashine ya kupimia husaidia. Lakini ikiandika P0335, yasema kuna shida katika njia ya kipimo cha mzunguko wa injini: labda kipimo chenyewe, labda waya wake. Haisemi boksi limekufa. Tena boksi la gari jingine mara nyingi hukataa ufunguo wenu, na fedha ya kahawa imekwisha kwenda.