Wavulana na Riwaya za Mashujaa wa Kike

Mvulana anayesoma sekondari ya kata katika Igamba, wilayani Mbozi, haulizwi kama anataka riwaya yenye shujaa wa kike. Anapewa. Vitabu teule vya fasihi ni vilevile kwa wanafunzi wote wa darasa, wavulana kwa wasichana, na kwa miaka mingi orodha ya kidato cha tatu na cha nne ilikuwa na Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na tamthiliya ya Orodha, huku kidato cha tano na cha sita wakisoma Vuta N'kuvute. Katika karibu vyote hivyo msichana au mama ndiye anayebeba hadithi mabegani. Kwa hiyo suala la kama wavulana hufurahia vitabu vya namna hii haliamuliwi kwenye duka la vitabu. Linaamuliwa darasani, baada ya mvulana kufungua ukurasa wa kwanza kwa sababu kuna mtihani mbele yake.

Kwa wasomaji wa zamani wa Kiswahili mambo yalikuwa tofauti. Vitabu vya hadithi vilivyotafsiriwa wakati wa utawala wa Waingereza vilijaa wanaume. Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, vilivyotoka katika miaka ya 1920 kwa kazi ya Frederick Johnson, ni vitabu vya merikebu, bunduki na safari za porini, na wanawake ndani yake wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 1940 alikuja Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na michoro yake ikamwonyesha Elisi kama msichana wa Kiafrika. Hata hivyo, kabla ya vitabu vyote hivyo palikuwa na bibi na moto wa jioni, ambapo wajukuu wa kiume na wa kike walikaa pamoja kusikiliza hadithi ya msichana aliyelishinda zimwi. Hakuna mvulana aliyeinuka akaondoka kwa kuwa anayekimbizwa na zimwi ni msichana. Uzoefu huo ni ushahidi mzito kuliko hofu za wachapishaji.

Hofu hizo zipo, na zina historia. Wachapishaji wa Ulaya na Marekani waliamini kwa muda mrefu kwamba msichana atasoma kitabu cha mvulana lakini mvulana hatakigusa cha msichana. Ndiyo maana mwandishi wa Harry Potter aliombwa mwaka 1997 atumie herufi za kwanza tu, J. K., ili wavulana wasijue kwamba ni mwanamke. Lakini Marekani yenyewe ilikuwa na mfano wa kinyume katika riwaya za walowezi, watu waliohamia mbugani kulima ardhi mpya. Laura Ingalls Wilder alianza kutoa vitabu vyake kuhusu msichana Laura mwaka 1932, na mwaka 1935 Carol Ryrie Brink akatoa Caddie Woodlawn, kilichopata Medali ya Newbery mwaka uliofuata. Caddie anatembea porini na kaka zake, na siku moja anapanda farasi peke yake kwenda kuwaonya majirani zake Wahindi Wekundu kwamba wanapangiwa shambulio. Mvulana hana haja ya kujilazimisha kusoma sura ya namna hiyo. Kinachomvuta katika riwaya za walowezi ni mbwamwitu, theluji, nyumba ya magogo inayojengwa kwa mikono, na njaa inayokaribia kabla ya mavuno. Ni kazi na hatari, na mambo hayo hayana jinsia.

Afrika Mashariki nayo ina riwaya ya wahamiaji iliyo maarufu. The Promised Land ya Grace Ogot, iliyotoka Nairobi mwaka 1966, inawafuata Ochola na mkewe kijana Nyapol, Wajaluo wa Nyanza, wanapohamia Tanganyika kutafuta ardhi yenye rutuba. Uamuzi wa kuhama ni wa Ochola. Nyapol anapinga, lakini anafuata, na hofu yake mwishowe inaonekana kuwa na busara kuliko tamaa ya mumewe. Wanafanikiwa, kisha wivu wa jirani unaleta ugonjwa wa ajabu unaomharibu Ochola mwili. Kwa msomaji wa Songwe, mkoa wenye wilaya ya Mbozi na unaopakana na Zambia na Malawi, habari ya kuvuka mpaka kwa ajili ya maisha bora haihitaji maelezo.

Riwaya iliyo karibu zaidi na maisha ya Igamba, hata hivyo, imetoka Zanzibar. Katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976), Rehema anakataliwa nyumbani kwao kwa sababu ya rangi yake, anatoroka, anapitia mengi, na hatimaye anaolewa na Sulubu, mkulima asiye na kitu ila nguvu zake. Wanafyeka, wanalima, na pori linageuka kuwa shamba. Ndipo jamaa wenye mali wanapokuja kulidai, kwa kuwa Rehema hana karatasi ya kuthibitisha haki yake. Mvulana wa Mbozi aliyekwisha kushika jembe katika shamba la mahindi la baba yake, au kuchuma kahawa mbivu msimu mzima, anajua thamani ya kila mti unaong'olewa katika sura hizo. Anajua pia kesi za ardhi katika baraza la kata. Hasira inayompanda anaposoma ni ya mkulima aliyeporwa, na anaipata kupitia msichana bila kusimama kujiuliza.

Takadini ya Ben Hanson inafanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Sekai, aliyekaa miaka mingi akisimangwa kwa kukosa mtoto, anajifungua mtoto mwenye ualbino katika jamii ambamo mtoto wa namna hiyo huuawa. Anamfunga mgongoni, anatoroka usiku, na kutembea siku nyingi porini hadi kufika kijiji kigeni ambako mzee Chivero anampokea. Kwa ujasiri, safari hii haizidiwi na yoyote ya wanaume wa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Silaha hana, na mzigo wake ni mtoto mchanga anayeweza kulia wakati wowote na kuwafichua. Katika Tanzania, ambako watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo katika karne hii, sura hizo zina uzito ambao mwalimu hahitaji kuuongeza.

Riwaya nyingine humweka mvulana mahali pagumu zaidi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) inahusu msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa fimbo na baba mlevi, Zakaria, kisha akaachiwa katika dunia ya shule na vyuo bila kufundishwa chochote kuhusu wanaume. Kitabu kilizuiwa shuleni kwa muda, jambo lililokifanya kitafutwe zaidi, na bila shaka wavulana wengi walikifungua kwa udadisi wa kilichokatazwa. Walichokikuta ndani ni wao wenyewe: mvulana wa barua, mwalimu mkuu anayetumia cheo chake, baba anayepiga badala ya kuzungumza. Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) inamfuata Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na Bwana Maksuudi, katika njia inayofanana na hiyo. Hivi si vitabu vya kufurahisha kwa maana ya kuchekesha. Mvulana anayevisoma hadi mwisho huvipenda kwa sababu vinamfungulia chumba ambacho kwa kawaida hafunguliwi, yaani mawazo ya dada yake.

Kinachovunja raha hii mara nyingi ni namna ya kusoma. Nakala za riwaya shuleni ni chache, na moja hupita mikononi mwa wanafunzi wengi. Kijitabu cha uchambuzi ni chepesi na cha bei nafuu, na mwanafunzi anaweza kukinunua stesheneri ya Vwawa au Tunduma. Ndani yake Sekai amekatwa vipande: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, na kisha kile kipengele kisichokosekana, nafasi ya mwanamke katika jamii. Hapo huorodheshwa mwanamke kama mlezi wa familia, mwanamke kama chombo cha starehe, mwanamke kama mtu jasiri, kila kimoja na mfano wake wa mstari mmoja. Mvulana anakariri, anajibu swali la mtihani, na anapata alama zake bila kuwahi kulala porini na mtoto yule hata usiku mmoja. Akisema baadaye kwamba vitabu vya wanawake vinachosha, anasema kweli juu ya kile alichosoma. Riwaya yenyewe hakuisoma.

Darasa lenye nakala tano linaweza kuisoma riwaya kwa sauti, sura kwa sura, kila kundi na kitabu chake, wavulana na wasichana wakipokezana. Usomaji huo hauhitaji bajeti, na unarudisha mashaka ya hadithi ambayo uchambuzi huyamaliza katika ukurasa wa kwanza kwa kutaja mwisho. Orodha ya Steve Reynolds, tamthiliya kuhusu Furaha aliyekufa kwa UKIMWI na kuacha barua ya kusomwa mazishini, imeandikwa kwa ajili ya jukwaa. Wanaume kijijini wanahaha wakidhani majina yao yamo. Darasa lisilojua kilichomo katika barua hiyo hungoja kwa hamu, na wanaongoja zaidi huwa wavulana, maana hofu iliyo jukwaani inawahusu.

Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999) inaonyesha njia nyingine. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa akiwa mdogo kwa Bwana Raza mwenye umri wa kumzaa, anaikimbia ndoa hiyo katika Zanzibar ya miaka ya 1950, na humo ndimo anamokutana na Denge, mpigania uhuru anayewindwa na polisi wa mkoloni. Wavulana wengi humshika Denge kwanza. Lakini hadithi imepangwa hivi kwamba kumfuata Denge ni lazima upitie chumbani kwa Mwajuma, rafiki wa Yasmin, ambako msichana huyo anajifunza kuishi kwa uamuzi wake. Filamu iliyotengenezwa na Amil Shivji kutokana na riwaya hiyo, na kuonyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021, imewapa wanafunzi wa leo nafasi ya kuwaona wote wawili kwa macho yao.