Kihisi Kinaponyamaza: Betri, Itifaki na Usalama wa Mgonjwa

Katika wodi nyingi za kawaida, mgonjwa hupimwa mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni mara chache tu kwa siku. Baina ya kipimo kimoja na kingine, hali yake inaweza kuzorota pasipo mtu kutambua. Kihisi kidogo kinachovishwa kidoleni na kutuma vipimo kwa mawimbi ya redio kinaweza kuziba pengo hilo, lakini uhai wake hutegemea betri.

Katika vihisi vyepesi, kama vile vya kupima joto, umeme mwingi hauishii katika kupima bali katika mawasiliano. Redio iliyowashwa ikisubiri ujumbe ambao haujafika hutumia umeme unaokaribia ule wa kuupokea ujumbe wenyewe. Ndiyo maana wahandisi hutunga itifaki, yaani kanuni zinazoamua nani azungumze, lini, na nani alale.

Mfano mashuhuri ni LEACH, itifaki iliyotangazwa mwaka 2000 na Wendi Heinzelman, Anantha Chandrakasan na Hari Balakrishnan wa chuo cha MIT, Marekani. Vihisi hujigawa katika makundi. Kiongozi wa kundi hukusanya vipimo vya wenzake, huvifupisha na kuvituma kwenye kituo kikuu. Kwa kuwa kazi hiyo hula umeme mwingi, uongozi huzunguka, kama wauguzi wanavyopokezana zamu. Wanakundi wengine hutuma kwa zamu zao, kisha huzima redio.

Mkulima anayefuatilia unyevu wa udongo hapati hasara kubwa taarifa ikichelewa saa moja. Kwa tabibu, dakika ambazo redio imelala ni dakika ambazo mgonjwa haonekani. Isitoshe, kimya kina maana mbili: huenda hakuna jipya, au huenda kihisi kimezimika. Itifaki inayotuma ujumbe pale tu kipimo kinapobadilika huokoa umeme, lakini isipotoa ishara fupi ya uhai kwa vipindi maalumu, muuguzi hawezi kuzitofautisha hali hizo mbili.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka wodi ya wagonjwa wa moyo mjini St. Louis, Marekani, unatufunza jambo jingine. Kwa miezi saba, wagonjwa 41 walivishwa vihisi vya mapigo ya moyo na oksijeni. Kwa mediani, mtandao ulifikisha asilimia 99.68 ya ujumbe, ilhali upimaji wenyewe ulifaulu kwa asilimia 80.85 tu. Hivyo, kasoro kubwa ilikuwa kidoleni, si hewani, na watafiti walionyesha kuwa kengele ya kuonya kihisi kinapochomoka ingesaidia. Hata hivyo, data zilipochambuliwa baadaye, zilitosha kuonyesha kuzorota kwa wagonjwa watatu waliohamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi.

Kwa hiyo, hospitali inapopanga kununua vifaa vya namna hii, daktari na muuguzi waketi pamoja na mhandisi na kuuliza: redio hulala kwa muda gani? Ujumbe uliopotea hutumwa tena? Kihisi kikichomoka au betri ikiisha, nani hupewa taarifa, na baada ya dakika ngapi? Betri inayodumu mwezi mzima haina faida ikiwa maswali hayo hayana majibu.