Kumwandaa Mtumishi Kabla ya Usharika: Kazi za Chuoni, Kujipima na Makongamano

Mtumishi anayetoka chuo cha teolojia na kupangiwa usharika wake wa kwanza hukuta mimbari ikimngoja, nayo amejiandaa kwa ajili yake kwa miaka kadhaa. Lakini hukuta pia daftari la hazina, vikao vya baraza la wazee, ugomvi wa kwaya mbili, na mgonjwa anayehitaji kutembelewa jioni ile ile. Washarika hawatamwuliza alipata alama gani katika Kiyunani. Watamtazama jinsi anavyotunza ahadi, fedha na ulimi wake. Akishindwa katika hayo, hata mahubiri yake mazuri hukosa masikio.

Makala haya yanakusudia kueleza njia tatu ambazo kwazo mwanachuo aweza kujiandaa kwa wajibu huo akiwa bado masomoni: kazi za chuoni, kujipima, na makongamano.

1. Kazi za chuoni

Mtume Paulo alikuwa fundi wa mahema (Mdo. 18:3), na kazi ya mikono haikumpunguzia heshima ya utume. Martin Luther naye, katika waraka wake wa mwaka 1520 kwa wakuu Wakristo wa Ujerumani, alifundisha kwamba fundi viatu, mhunzi na mkulima kila mmoja anayo huduma yake ya kuwafaa wengine. Hivyo basi, si halali kwa mwanateolojia wa Kilutheri kuiona kazi ya bustani au ya maktaba kuwa adhabu.

Uko mfano wa chuo kilichoufanya msimamo huo kuwa utaratibu. Chuo cha Berea, katika jimbo la Kentucky, Marekani, kilianzishwa mwaka 1855 na mchungaji John G. Fee, aliyepinga utumwa waziwazi. Tangu mwaka 1892 chuo hicho hakiwatozi wanafunzi ada ya masomo, na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni kwa muda usiopungua saa 10 kwa juma. Jambo la kuzingatia ni kwamba kazi hiyo inahesabiwa kuwa sehemu ya elimu. Kila mwanafunzi anaye msimamizi, wajibu wake unajulikana, na utendaji wake hupimwa.

Hayo matatu ndiyo yanayoitofautisha kazi inayofundisha na kibarua cha bure. Mwanachuo anayetunza fedha za serikali ya wanafunzi hujifunza kuandika stakabadhi kabla ya kupokea shukrani, kutotoa shilingi bila hati, na kufunga hesabu kila mwisho wa mwezi mbele ya mwingine. Anayehudumu maktaba hujifunza kutunza mali ya wengi na kumdai rafiki yake kitabu bila kumwonea wala kumpendelea. Anayesimamia zamu za kanisa la chuo hujifunza kwamba ibada ya saa moja inahitaji maandalizi ya siku nzima. Mambo haya yote atayakuta usharikani, na huko makosa yatagharimu zaidi.

2. Kujipima

Kazi bila tafakari huzaa mazoea tu. Maandiko yanamtaka kila mtu aipime kazi yake mwenyewe (Gal. 6:4), na aikaribiapo Meza ya Bwana ajihoji (1 Kor. 11:28).

Katika elimu ya uchungaji, mafunzo ya hospitalini yamelipa agizo hili umbo la pekee. Anton Boisen, mchungaji wa Marekani aliyewahi mwenyewe kulazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, alianza mwaka 1925 kuwafundisha wanafunzi wachache wa teolojia katika hospitali ya namna hiyo huko Worcester, Massachusetts. Aliwataka wamsome mgonjwa kwa uangalifu ule ule wanaotumia kusoma vitabu. Baadaye ikakua desturi ya mwanafunzi kuandika mazungumzo yake na mgonjwa, neno kwa neno kadiri akumbukavyo, kisha kuyachambua pamoja na msimamizi na wenzake. Kwa nini aliharakisha kuomba? Je, alimwombea mgonjwa, au alikuwa akiikimbia hofu yake mwenyewe? Hapa kwetu mafunzo ya namna hii yametolewa katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Mwanachuo asiye hospitalini aweza kujipima kila mwisho wa muhula kwa maswali machache: Ni wajibu gani niliutimiza bila kukumbushwa? Ni wapi niliahidi nisitimize? Ni watu wa namna gani hunichosha upesi, na kwa nini? Hata hivyo, kinyozi hajinyoi. Majibu hayo sharti yasomwe na mwalimu mlezi au mwenzi mwaminifu, kwani ajipimaye peke yake hujipendelea au hujihukumu kupita kiasi.

3. Makongamano

Mkutano mmoja waweza kugeuza mwelekeo wa maisha. Mwaka 1886 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, John R. Mott, alihudhuria kongamano la wanafunzi huko Mount Hermon, Massachusetts, akawa miongoni mwa mia moja waliojitolea kwa ajili ya misioni. Mwanafunzi huyo ndiye aliyeongoza mkutano mkuu wa misioni wa Edinburgh mwaka 1910.

Nasi tunayo historia yetu. Mwaka 1955 Walutheri wa Afrika walikutana Marangu, na mwaka 1977 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano Mkuu wake Dar es Salaam, ambapo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa Rais, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo.

Lakini kuhudhuria pekee hakutoshi. Mwanachuo asome ajenda mapema, aandae swali moja la maana, aandike muhtasari kila jioni, na arudipo awaeleze wenzake. Asiyetoa taarifa amekula posho ya chuo bila faida.

Tahadhari

Kazi isimnyang'anye mwanafunzi saa za kusoma, wala isitumiwe kuziba upungufu wa wafanyakazi. Wanafunzi wa kike wasipangiwe jikoni daima na wa kiume ofisini, maana wote wanaandaliwa kwa huduma moja. Nafasi za makongamano nazo zizunguke, zisiwe za wale wale kila mwaka.

Vyuo vyetu vinapotuma taarifa ya mhitimu kwa dayosisi yake, ingefaa taarifa hiyo ieleze, pamoja na alama za mitihani, ni kazi gani alikabidhiwa na jinsi alivyoitunza. Usharika unaompokea unayo haki ya kulijua hilo.