Mkwaruzo wa Gari na Tiba Yake Nyumbani

Hapana mwenye gari katika miji yetu ya pwani, akiwa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, ambaye hajapata kulikuta gari lake limepigwa mstari na mkokoteni wa maji, au na usukani wa bodaboda iliyojipenyeza mahali pasipo na nafasi. Na aghalabu aliyefikwa na hayo, akenda gereji kutaka shauri, alitajiwa bei ya kupuliza rangi mlango mzima kwa sababu ya alama isiyozidi urefu wa kidole. Kwa insafu, fundi hana kosa, kwani rangi ya kupuliza haikatiki katikati ya bati pasipo mpaka wake kuonekana, na kwa hiyo analazimika kulipaka bati lote. Lakini mikwaruzo iliyo mingi haihitaji kupulizwa kamwe. Yahitaji kwanza kujulikana kina chake, na hilo ndilo ambalo watu wengi, kwa hamaki ya kuona mali yao imeharibiwa, hawalifanyi.

Rangi ya gari ni matabaka. Juu ya bati, kiwandani hutangulizwa rangi ya msingi ya kuzuia kutu, ambayo mafundi huiita praima. Juu yake huja rangi yenyewe, ile tuitazamayo. Kisha huja tabaka la vanishi angavu lisilo na rangi, nalo ndilo linalong'aa na ndilo linalostahimili jua na mvua. Matabaka yote hayo kwa pamoja, kwa kawaida, yana unene wa mikroni 100 hadi 150, ambao ni kiasi cha karatasi moja ya daftari au kupita kidogo, na vanishi peke yake aghalabu haifiki hata nusu ya hapo. Mtindo huu wa vanishi ulienea katika miaka ya 1980. Kabla ya hapo magari yalipakwa rangi isiyofunikwa, na hata leo baadhi ya magari meupe ya kazi hupakwa vivyo hivyo. Ukitaka kujua gari lako ni la namna gani, sugua kwa polishi mahali pasipoonekana: kitambaa cheupe kikitoka na rangi ya gari, basi halina vanishi.

Baada ya kuliosha gari na kuliweka kivulini hata bati likapoa, mimina maji juu ya mkwaruzo. Ukitoweka ukiwa umelowa na kurejea ukikauka, jeraha limeishia katika vanishi. Kisha pitisha ukucha kwa kuukata mstari: usiponaswa, polishi yatosha, ukinaswa, polishi haitaumaliza. Ukiona weupe au ukijivu ndani yake, yamkini umefika kwenye praima, na ukiona chuma au wekundu wa kutu, hapo pana haja ya kufanya haraka. Zipo pia alama zisizokuwa mikwaruzo hata kidogo, bali ni rangi ya gari la mwenzio, au ya nguzo, iliyobaki juu ya rangi yako. Hizo hutoka kwa kitambaa kilichotiwa mafuta ya taa kidogo, kisha mahali pale pakaoshwa kwa sabuni.

Polishi ya kukwangulia, iuzwayo madukani katika vikopo, ina chembe ngumu zilizo ndogo mno, na watu wengi hudhani kuwa huuziba mkwaruzo, hali kazi yake ni kinyume cha hayo: hulipunguza bati vanishi yake pande zote mbili za mstari mpaka kingo zake zikalainika na jicho lisiuone tena. Kwa sababu hiyo kila unapopiga polishi unatumia akiba isiyorudi. Fanya kidogo kidogo, wala usikaze mkono penye kingo na pembe za bati, kwani hapo rangi ni nyembamba zaidi. Mstari ulio mzito kidogo huweza kutangulizwa msasa wa namba 2000, kisha 3000, ukiwa umelowa maji wakati wote. Dawa ya meno, ambayo kila mtu huisifu, ni polishi hafifu tu. Hufaa kwa michoro midogo. Ama rangi ya viatu na mafuta ya nazi, hizo ni hadaa ya kungojea mvua, na mwenye kununua gari kuukuu na alitazame likiwa limeoshwa.

Mkwaruzo uliofika chini hauna budi kujazwa. Tafuta namba ya rangi: katika Toyota nyingi imo katika kibati kilicho chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, penye maandishi C/TR, na 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 nyeusi, na 070 ile nyeupe ya lulu. Wachanganya rangi watakutengenezea kichupa kwa namba hiyo, ila jua limekwisha kuibadili rangi ya gari lako, kwa hiyo ijaribu kwanza mahali pa siri. Kutu yote iondoke kwa msasa, kisha praima, kisha rangi, nayo itiwe kwa ncha ya kijiti cha meno, maana brashi ya kichupa ni pana kupita mkwaruzo wenyewe. Rangi hunywea ikikauka, basi rudia matabaka membamba mpaka ipite usawa wa bati kidogo, umalizie kwa vanishi, uiache siku kadhaa, ndipo uisawazishe kwa msasa laini. Usiifanye kazi hii wakati wa masika, kwani unyevu huifanya rangi iwe na ukungu mweupe. Lakini wala usiuache wazi mkwaruzo ulioonyesha chuma, kwa sababu chumvi ya hewa ya bahari huhimiza kutu, na kutu hutambaa chini ya rangi iliyo nzima na kuinyanyua. Katika shida hiyo, hata rangi ya kucha ni afadhali kwa siku chache. Rangi ya lulu sikushauri kuitafutia mfanano kamili nyumbani. Ridhika na kiraka kisichoonekana kwa hatua tatu.

Liko jambo moja ambalo sharti liachiwe gereji: kupuliza rangi inayochanganywa na dawa ya kuigandisha. Mvuke wake huwa na kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo huweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na kitambaa cha kufunga puani hakizuii kitu.

Na kabla ya kuzinunua dawa hizi zote, mtazame anayekuoshea gari. Ile mizunguko membamba ionekanayo juani juu ya boneti nyeusi aghalabu ni kazi ya tambara kavu lililopitishwa juu ya vumbi. Mwambie amwage maji mengi kwanza, na tambara likianguka chini asilirudishe juu ya gari kabla ya kulisuuza.