Ukungu wa Buluu Machoni



Wapo miongoni mwetu hapa Pearland wanaoteremka kwa barabara ya 288 kwenda viwanda vya kemikali vya Freeport, na wengine hushika njia ya Pasadena na Deer Park. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wanaowangojea nyumbani, tumeona vema mwezi huu tukieleze kimiminika kiitwacho traiethilamini, kitumikacho katika utengenezaji wa dawa na kemikali nyingi, na pia katika viwanda vya kusubu chuma.

Hakina rangi, nacho ni cha ukoo wa amonia. Hunuka amonia iliyochanganyika na shombo la samaki, wala si ajabu, kwani shombo lenyewe hutokana na kemikali za ukoo huo, ziitwazo amini. Asidi huzituliza, ndiyo sababu mama zetu hukamulia samaki ndimu. Lakini hii ya kiwandani haina mzaha. Mvuke wake hushika moto hata katika baridi iliyo chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, sembuse jua la Texas. Nao ni mzito kuliko hewa mara tatu na nusu, kwa hiyo hutambaa chini hadi mitaroni, na ukikutana na cheche huko mbali, moto hurudi mpaka ulikotoka. Kimiminika chenyewe huunguza ngozi, na tone likiingia jichoni laweza kupofusha.

Linalotushughulisha zaidi ni mvuke na macho. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Sweden waliwaweka watu kwa muda wa saa 8 katika hewa yenye sehemu kama 4 tu za mvuke huu kwa kila milioni. Wakaanza kuona ukungu, na taa zikazungukwa na duara za mwanga, maana kioo cha mbele cha jicho kilikuwa kimevimba kwa maji. Hali hiyo hujulikana kama ukungu wa buluu. Kwa kawaida huondoka baada ya saa kadhaa, na mtu hudhani ni uchovu. Ndiye huyo ashikaye usukani usiku!

Na kiwango kinachoruhusiwa na sheria ya serikali kuu ya Marekani makazini ni sehemu 25. Kwa maoni yetu, sheria hapa imeachwa nyuma na elimu: mwajiri aweza kuitii yote, na mfanyakazi akatoka haoni sawasawa.

Tangi lenye kimiminika hiki likiwa njiani huwa na kibao chekundu cha pembe nne kilichosimama kwa ncha, chenye namba 1296. Kazini, mfanyakazi ana haki ya kuonyeshwa karatasi ya usalama ya kila kemikali. Akimwagikiwa, avue nguo na kujiosha kwa maji yanayotiririka, macho yasipungue dakika 15, na 911 wapigiwe. Na aonaye duara kwenye taa asiendeshe gari. Apige simu nyumbani afuatwe, hata ikiwa ni saa 8 za usiku.