Ukitoka Chamani, Unatoka na Nini?

Machi 1966, wajumbe wa KANU, chama tawala cha Kenya, walikutana Limuru, mji wa baridi na mashamba ya chai nje kidogo ya Nairobi. Ajenda ilikuwa katiba ya chama. Walipomaliza kazi, kiti cha makamu wa rais wa chama hakikuwepo tena. Mahali pake paliwekwa viti vinane: kimoja kwa kila mkoa kati ya mikoa saba, na cha nane cha Nairobi. Aliyekuwa amekalia kile kimoja ni Jaramogi Oginga Odinga, ambaye pia alikuwa Makamu wa Rais wa nchi. Hakufukuzwa na mtu. Kiti kilipasuliwa vipande, mwenyewe akabaki amesimama.

Tarehe 14 Aprili alijiuzulu umakamu wa rais na kuihama KANU. Wabunge wapatao thelathini wakamfuata, wakaunda Kenya People's Union, KPU. Miongoni mwao walikuwamo Bildad Kaggia na Achieng Oneko, ambao wote wawili walikuwa wameshtakiwa pamoja na Rais Jomo Kenyatta kule Kapenguria enzi za ukoloni. Hawakuwa watu wa kudandia. Ugomvi wao na wenzao ulihusu mambo mazito, hasa ardhi: je, mashamba ya walowezi yagawiwe wasio na ardhi, au yauzwe kwa mkopo kwa atakayeweza kulipa?

Kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa watu wawili, Odinga na Tom Mboya, katibu mkuu wa KANU aliyekuwa fundi wa mpango wa Limuru. Ugomvi ulikuwepo, lakini hautoshi kueleza kwa nini KPU haikumaliza hata miaka minne. Kigogo anapotoka chama tawala, swali la kwanza si ana wafuasi wangapi. Ni vitu gani sheria inamruhusu kutoka navyo.

Tuanze na kiti cha ubunge. Ni cha nani? Wapo wanaosema ni cha mbunge, kwa kuwa wananchi walimchagua yeye, sura na jina. Wengine wanasema ni cha chama, kwa kuwa mbunge alipita kwa tiketi na ilani ya chama. Hoja zote mbili zina uzito. Tatizo huja pale jibu linapotolewa baada ya mtu kuhama, kwa ajili ya mtu huyo. Ndivyo ilivyokuwa Kenya. Kabla ya Aprili 1966 kwisha, katiba ilikuwa imebadilishwa: mbunge aliyehama chama kilichomdhamini ilimbidi arudi kwa wapiga kura. Na bado miaka miwili haikuwa imepita tangu Novemba 1964, wabunge wa chama cha upinzani cha KADU walipovunja chama chao na kuhamia KANU bila mtu kuwaambia warudi kwa wananchi. Kuingia kulikuwa bure, kutoka kukawa na bei.

Bei hiyo ililipwa Juni, katika uchaguzi ambao Wakenya wanaukumbuka kama uchaguzi mkuu mdogo. Viti 29 viligombewa, KPU ikapata tisa, vingi vikiwa Nyanza. Odinga alikitetea kiti chake cha Bondo. Kaggia alianguka Kandara, Oneko akaanguka Nakuru. Athari yake haikuwa idadi peke yake. Chama kilichozaliwa na viongozi wa makabila mbalimbali kilianza kuonekana kuwa chama cha kabila moja, na sura hiyo ikawafaa sana wapinzani wake.

Cha pili ni karatasi. Chama huishi kwa karatasi: cheti cha usajili, kibali cha mkutano, fomu ya mgombea. Kibali cha mkutano wa hadhara kilitoka kwa ofisa wa utawala wa wilaya, aliyekuwa mtumishi wa serikali ileile ambayo mkutano ungeisema. Mwaka 1968 ulipofika uchaguzi wa madiwani, wagombea wa KPU walipeleka fomu zao kama wengine. Zilipokaguliwa, wagombea wa KPU walienguliwa nchi nzima kwa maelezo kwamba hawakuzijaza sawasawa, na wa KANU wakapita bila kupingwa. Mwaka huohuo katiba ilibadilishwa tena na kumfungia mlango mgombea binafsi. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na hapa kisu kilikuwa kalamu ya ofisa wa uchaguzi.

Lakini wananchi walikuwa hawajaichoka KPU. Mei 1969, katika uchaguzi mdogo wa jimbo la Gem, mgombea wake alimshinda wa KANU. Julai Mboya akauawa kwa risasi katikati ya Nairobi. Oktoba 25, Kenyatta alipokwenda Kisumu kufungua hospitali, vurugu zilizuka, walinzi wake wakafyatua risasi, watu wakafa. Siku tano baadaye KPU ilipigwa marufuku, na Odinga akawekwa kizuizini hadi 1971.

Sasa tulinganishe na aliyefanikiwa katika nchi hiyohiyo. William Ruto alikuwa Naibu wa Rais alipokosana na bosi wake, Uhuru Kenyatta, na kujitenga na chama tawala cha Jubilee. Yeye hakujiuzulu, na wala hakukuwa na haja. Chini ya Katiba ya 2010, naibu huchaguliwa kwa tiketi moja na rais, na rais hawezi kumfuta kazi kwa barua. Kumwondoa ni kazi ya Bunge na Seneti. Ruto akabaki na ofisi, walinzi na jukwaa. Chama nacho hakukianza kwenye mstari wa kwanza wa fomu ya usajili. UDA, chama chake, ilikuwa jina jipya la chama kilichokuwa kimesajiliwa tayari, Party of Development and Reforms. Wabunge wengi waliomuunga mkono walibaki wa Jubilee kwenye karatasi huku wakipiga debe la UDA, hadi uchaguzi ulipokaribia na kukipoteza kiti hakukuwa tena hasara. Agosti 2022 akashinda urais kwa asilimia 50.49.

Tofauti ya Odinga na Ruto si ujasiri. Odinga alitoka akaacha kiti, ofisi na karatasi mikononi mwa aliowahama, na uchaguzi mkuu ulikuwa mbali. Ruto alitoka navyo vyote, uchaguzi ukiwa mlangoni. Hata hivyo kiti cha naibu hakikupigiliwa misumari. Mrithi wake, Rigathi Gachagua, aliondolewa na Bunge na Seneti Oktoba 2024, akaanzisha chama chake mwaka uliofuata.

Upande wa Tanzania, kipimo hichohicho kinaeleza kwa nini Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani, hakuanzisha chama alipokihama chama tawala, CCM, mwishoni mwa Julai 2015. Ili chama kipate usajili wa kudumu, sheria ya wakati huo ilidai wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kwa mikoa isiyopungua kumi, miwili kati yake ikiwa ya Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Uchaguzi ulikuwa Oktoba 25. Mgombea binafsi haruhusiwi. Kwa kalenda hiyo, njia iliyobaki ilikuwa kupanda chombo kilichokwisha kung'oa nanga. Alipanda Chadema, chama cha upinzani, akapata karibu asilimia 40 ya kura za urais. Mwaka 2019 alirudi CCM.

Nisieleweke kwamba sheria ndiyo kila kitu. Afrika Kusini, Mosiuoa Lekota, aliyekuwa waziri wa ulinzi na mwenyekiti wa taifa wa chama tawala cha ANC, alihama na kuanzisha chama cha COPE mwishoni mwa 2008. Hakuna aliyekipiga marufuku, na miezi michache baadaye kilipata viti 30 bungeni. Kisha Lekota na mwenzake Mbhazima Shilowa wakaburutana mahakamani kugombea uongozi, na mwaka 2014 viti vikabaki vitatu. Sheria inaweza kukuacha utoke salama, lakini haikusaidii kuishi na wenzako huko ulikokwenda.

Kwa hiyo, kigogo mwingine atakapotangaza kuhama, usihesabu magari kwenye msafara wake. Uliza amebaki na kiti gani, chama kimesajiliwa kwa jina la nani, kibali cha mkutano anakiomba kwa nani, na uchaguzi uko umbali gani. Majibu hayo yatakuambia mengi kuliko hotuba. Odinga alirudi kuwa mbunge wa Bondo katika uchaguzi wa Desemba 1992, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. KPU ilikuwa imepigwa marufuku miaka 23 kabla ya hapo.